Aliyeagwa Haitiki Hodi

Ipo nchi moja, na msiniulize iko wapi maana nina watoto wa kusomesha, ambayo watu wake wanajua kuagana kuliko watu wote chini ya jua. Kwingine mtu akisafiri hubeba begi lake akaenda. Huko hapana. Huko msafiri huagwa, na kuagwa ni kazi: panahitajika kamati, turubai, mgeni rasmi, kwaya mbili, sare, na wali wa kuwatosha hata wasioalikwa. Wana wizara yake kabisa, Wizara ya Maagano na Mapokezi, yenye jengo la ghorofa tisa. Wizara ya Afya imepangishwa vyumba vitatu ghorofa ya chini, karibu na vyoo.

Na wana desturi moja wanayoiheshimu kuliko katiba. Mtu akishaagwa, ameondoka. Kama gari limeharibika, kama viza imechelewa, kama kavunjika mguu kizingitini, hayo ni yake. Watu wamekula, wameimba, wamelia. Hawawezi kesho kukutana naye gengeni akichagua nyanya kana kwamba machozi yao yalikuwa ya mchezo. Aliyeagwa hukaa ndani. Hasalimiwi, haitwi, na akibishiwa hodi haitiki, mpaka siku ya kusafiri au siku ya kupokelewa. Kwa kawaida ni siku mbili tatu tu, na majirani wenye utu humwachia chakula mlango wa nyuma bila kusema neno. Hakuna aliyewahi kudhurika kwa desturi hii, au kama yupo hakuandikwa.

Basi katika nchi hiyo, kwenye mji mdogo uitwao Kisimachakavu, alikuwepo nesi mkunga jina lake Aikande. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na mmoja, mnene kidogo, mchache wa maneno, mwenye mikono mikubwa ambayo ilikuwa imewapokea nusu ya watoto wa mji ule. Watu wazima walimwamkia kwa heshima, na watoto waliomkimbia kwa sababu ya chanjo walirudi kumkimbilia wakiumwa. Zahanati nzima ilikuwa yeye, mhudumu mmoja wa kufagia, na tabibu aliyekuwa kwenye semina tangu mwaka juzi.

Jumapili moja Mchungaji Elikunda alisoma barua kanisani. Ilitoka nchi ya Seresera, ng'ambo kabisa, kwenye hospitali ya misheni ya Limbale, na aliyeiandika alikuwa matroni wa huko aitwaye Perusi. Haikuwa ndefu. "Mmetuombea miaka mitatu, na tunawashukuru," Matroni aliandika. "Sasa tunaomba mikono. Wakunga wetu wawili walikufa kwa homa ile ile waliyokuwa wakiitibu. Wanawake wanajifungua peke yao, na wengine hatuwawahi. Tutumieni mkunga mmoja tu, miezi mitatu, mpaka wanafunzi wetu wahitimu."

Mchungaji aliikunja barua akaanza kutangaza habari za usafi wa bomba la maji. Aikande hakusikia habari za bomba. Alikuwa ameiangalia mikono yake iliyolala mapajani, akaona aibu kwamba imekaa bure wakati inaitwa kwa jina. Ibada ilipokwisha alimfuata Mchungaji mlangoni akamwambia kwamba atakwenda.

"Mwanangu, unajua ni mbali?" Mchungaji akamuuliza.

"Najua. Ndiyo maana hawana mtu."

Hapo ndipo kazi ya kuchangisha ilipoanza, na ilianza vizuri. Kanisa la Kisimachakavu halikuwa na matajiri, lakini lilikuwa na mnada. Kila baada ya ibada waumini hutoa walichonacho, ndizi, mayai, boga, kuku, na mzee wa kanisa huvinadi pale nje. Mwenye kununua hulipa kisha hukirudisha kinadiwe tena, ili Mungu apate mara mbili. Jogoo mmoja mwekundu aliuzwa mara kumi na moja siku moja, akafika jioni amechoka kuliko wanunuzi. Akina mama walishona mashuka. Mafundi baiskeli walitoa siku nzima ya kazi yao. Na si Wakristo peke yao.

Nyumba ya pili kutoka kwa Aikande alikaa Mwanakheri, mke wa Shomari muuza mkaa. Mwanakheri hakuwa wa kanisa lile wala la jingine, alikuwa mtu wa msikitini, lakini alivuka na jozi ya kanga mpya ambazo Aikande alijua zilikuwa za Idi.

"Mtoto wa kwanza utakayempokea huko, umfunike kwa hizi," akasema.

"Na wewe wa kwako utamfunika nini? Si una miezi sita sasa."

"Wangu hakosi cha kujifunika. Kwa mjomba wake nguo zimejaa."

Aikande alizipokea kanga, lakini hakumwachia aende. Alimkalisha kwenye kigoda akamshika mkono. "Nisikilize, Mwanakheri. Siku ya kumzaa Zubeda ulimwaga damu mpaka ulikuwa unaniaga. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, dada."

"Damu ya namna ile hurudi. Mimi nikiwa sipo ataletwa mkunga mwingine, wilayani wameniahidi. Uchungu ukianza usikae nyumbani hata dakika moja. Usisubiri Shomari arudi, usimalize kupika."

"Nimekusikia."

"Haya sema mwenyewe."

"Uchungu ukianza, zahanati," Mwanakheri akasema, akacheka kidogo kwa kusomeshwa kama mtoto wa chekechea.

Jumapili ya tatu fedha zilitosha. Nauli ya kwenda na kurudi ilipatikana, na ya kula, na ikabaki ya kununulia boksi mbili za glavu. Hilo ndilo lililoleta balaa, kwa sababu katika nchi ile jambo likitosha kabla ya kuundiwa kamati ni dharau kwa serikali.

*

Mheshimiwa Mtawala Kirobo, Waziri wa Maagano na Mapokezi, alifika Kisimachakavu kwa msafara wa magari kumi na manne, mojawapo likiwa limebeba kiti chake. Alikuwa mtu wa kulia upesi. Wapiga picha wake walikuwa wanajua dakika yenyewe, na kamera ziliinuliwa kabla ya chozi.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimesikitishwa. Nimeambiwa kwamba mwanamke huyu shujaa alikuwa anataka kuondoka. Kwa basi! Kwa begi moja! Kimya kimya, kama mwizi wa kuku! Dunia ingetuonaje? Taifa ambalo halijui kuaga lina tofauti gani na kituo cha mabasi?"

Watu walipiga makofi, maana swali lilikuwa gumu. Pale pale ikatangazwa Kamati ya Kitaifa ya Kumsindikiza Muuguzi Aikande, yenye wajumbe sitini na wawili. Mchungaji Elikunda alipewa heshima ya kuwa mjumbe wa sitini na mbili, na kwa heshima hiyo akaombwa akabidhi bahasha ya kanisa ili michango iwe mahali pamoja. Mchungaji alikuwa mtu mwema. Tatizo la watu wema wa nchi ile ni kwamba hawajui kumnyima mgeni.

Aikande aliagwa ngazi ya mtaa. Akaagwa ngazi ya kata, ambako mgeni rasmi alichelewa saa sita na hotuba yake ikafuata ratiba kama kawaida. Akaagwa ngazi ya wilaya kwa maandamano ya wanafunzi, ingawa wanafunzi walidhani ni msiba wakabeba majani. Kila ngazi ilikuwa na wali wake. Alipoagwa ngazi ya mkoa, ng'ombe wanne walichinjwa, na jioni yake mhazini alimletea karatasi asaini kuthibitisha kwamba ameagwa kikamilifu. Alipoisoma vizuri na kuona hesabu ya wali na ng'ombe, akaenda moja kwa moja kwa Mchungaji.

"Mchungaji, nauli imeliwa."

"Haijaliwa, mwanangu," Mchungaji akasema bila kumtazama. "Imetumika kukuaga."

Aikande angeweza kukataa mapema, na mimi huwa najiuliza kwa nini hakukataa. Nadhani ni kwa sababu kila ngazi walimwambia ndiyo ya mwisho, na baada ya ile ya mwisho atakwenda Limbale. Alikuwa akihesabu wanawake. Kila wiki iliyopita alisema moyoni: wiki hii wamejifungua wangapi peke yao? Mtu anayehesabu hivyo hana nguvu ya kugombana na mshereheshaji.

Kwa ajili ya ngazi ya taifa ulitoka waraka kwamba kila zahanati ichangie theluthi ya stoo yake, dawa na vifaa, viwekwe kwenye sanduku moja kubwa la msaada kwa ndugu zetu wa Seresera. Kisimachakavu, kwa kuwa ndiyo nyumbani kwa shujaa, iliombwa itoe stoo yote ili kuonyesha mfano. Aikande alipinga hilo. Ilikuwa mara yake ya kwanza na ya pekee kupaza sauti. Aliambiwa kwamba zahanati itajazwa upya wiki ile ile pamoja na kuletewa mkunga wa kushika nafasi yake, na kwamba asiwe mchoyo kwa watu ambao yeye mwenyewe anasema wanakufa.

Siku ya taifa uwanja ulijaa. Waziri Kirobo alilia mara tatu, ya tatu ikiwa kwa maombi ya televisheni ambayo ilikuwa imekosa ya pili. Sanduku lilipigwa misumari mbele ya watu, likafungwa utepe, likamwagiwa lakiri nyekundu na kugongwa muhuri wa taifa. Kisha Aikande alipelekwa kiwanja cha ndege, akapandishwa ngazi za ndege polepole, akaambiwa ageuke, apunge, apunge tena kwa mkono mwingine, aingie. Akaingia. Ndani walimteremsha kwa mlango wa nyuma, kwa sababu ndege ile ilikuwa inakwenda kwingine na viti vyake vilikuwa na wenyewe.

Alimkuta Waziri nyuma ya jengo akinywa soda.

"Mheshimiwa, mimi nasafiri lini?"

"Dada yangu," Waziri akamjibu kwa upole wa kweli, maana hakuwa katili, "safari umeshafanya. Nchi nzima imekuona. Kilichobaki ni tiketi tu, na hiyo inashughulikiwa."

Walimrudisha Kisimachakavu kwa gari lenye mapazia.

*

Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba amewasili salama na kupokewa kwa ngoma. Yeye aliyasoma jikoni kwake, madirisha yamefungwa. Majirani walijua. Nchi ile watu hujua kila kitu. Wanachojua zaidi ni namna ya kutojua. Asubuhi alikuta bakuli la uji mlango wa nyuma, jioni sahani ya ugali na mchicha, na alitambua kwa mpangilio wa mchicha kwamba umetoka kwa Mwanakheri.

Zikapita siku tatu, ikapita wiki, zikapita mbili. Tiketi iliendelea kushughulikiwa. Aikande aliona afadhali arudi kazini wakati anasubiri, akatoka kwa njia ya uani, akafika zahanati. Ukutani alikuta picha yake kubwa, yenye shada la maua ya karatasi, na chini yake benchi limejaa wanawake wajawazito wakiitazama. Walipomwona waliinamisha macho. Walikuwa wamelelewa vizuri.

Mtendaji wa Kata, Bwana Kashililika, alikuwa ndiye anayeshika funguo kwa muda. Alimvuta pembeni akazungumza na ukuta, ili asionekane kuzungumza naye.

"Aikande, wewe hupo hapa."

"Mkunga mliyeahidi yuko wapi?"

"Nimeandika. Wamenijibu kwamba hawawezi kuleta mtu, kwa sababu nafasi haiko wazi. Ina mtu. Ni wewe."

"Basi nifanye kazi."

"Wewe hupo. Umeagwa." Mtendaji alifuta jasho. Nalo jasho lilikuwa la kweli, tumtendee haki. "Dada, mimi sikuitunga. Lakini ukionekana hapa, Waziri atakuwa amemlilia mtu aliyekuwa Kisimachakavu. Itaundwa tume. Na wa kwanza kuulizwa fedha zilikwenda wapi ni Mchungaji, kwa sababu yeye ndiye aliyezikusanya. Unataka mzee yule alale rumande?"

Hakutaka. Alirudi nyumbani kwa njia ya uani. Tangu siku hiyo alikaa ndani, na alikaa vizuri, kama wanavyokaa watu wa huko: hakukohoa kwa nguvu, hakufungua redio, na alijifunza kutembea bila kandambili ili nyayo zake zisimsemee. Wiki ya tano ilimfikia barua kupitia mlango wa nyuma, imekunjwa ndani ya chapati. Ilitoka Limbale. "Mpendwa Dada Aikande," Matroni Perusi aliandika, "tumeona katika gazeti la nchi yenu kwamba umefika kwetu. Tumekutafuta wodini, jikoni na kanisani, hatujakuona. Kama tumekukosea kwa lolote tusamehe, utoke ulipo. Wiki hii wamekuwa wanne." Hakueleza wanne nini. Aikande alilala na barua ile kifuani, akalia kwa kuuma shuka, kwa sababu hata kilio kina sauti na yeye hakuruhusiwa sauti.

*

Ilikuwa Jumatano, wiki ya nane, kabla ya jua kukolea. Aikande alikuwa anachambua mchele aliposikia hodi mlango wa mbele.

Alisimamisha mkono ndani ya ungo. Mlango wa mbele haukuwa umebishwa tangu aagwe.

"Hodi," sauti ikasema. Ilikuwa ya Mwanakheri. "Hodi, dada."

Aikande hakuitika. Nitasema ukweli wote hapa, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kujificha nyuma ya neno. Hakufikiri kwamba ni uchungu. Siku za Mwanakheri alizihesabu kuwa bado kumi. Alifikiri labda ni mtego wa Mtendaji, labda ni jirani amechoshwa na upweke wake akataka kuzungumza. Alifikiri habari za Mchungaji na rumande. Mtu akifundishwa wiki nane kwamba hayupo, mwisho hata masikio yake huamini.

"Dada, zahanati nimekwenda," sauti ikasema taratibu, mdomo karibu na ufa wa mlango. "Nimekaa benchi. Hamna mtu."

Aikande hakuutoa mkono ndani ya ungo.

"Basi, dada. Usijali," Mwanakheri akasema, na nyayo zake zikaondoka, moja nzito, moja nyepesi, kama za mtu anayeshika ukuta.

Hapo Aikande alielewa. Lakini kuelewa kulichukua muda, na kusimama kukachukua muda, na mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa komeo lililoshika kutu kwa wiki nane. Alipotoka njia ilikuwa tupu. Alikimbia nyumba ya pili, hakumkuta. Mwanakheri alikuwa mtiifu: aliambiwa zahanati, amerudi zahanati. Aikande alikimbia katikati ya mji mchana kweupe, bila viatu, na watu wote wa barabarani walimgeuzia migongo kwa heshima, hata mafundi baiskeli, ili wasimwone.

Alimkuta kwenye benchi chini ya ile picha. Mtoto alikuwa ameshatoka, wa kiume, analia, ameshikwa na mwanamke mwingine mwenye mimba. Damu ilikuwa sakafuni.

"Umeitika," Mwanakheri akasema.

Aikande alimlaza chini, akaanza kumkanda tumbo kwa mikono yote miwili. "Mtendaji! Nipe funguo za stoo! Nataka sindano ya kuzuia damu!"

Bwana Kashililika alitoka ofisini, akaona damu, akausahau ule ukuta wa kuzungumza nao. "Stoo haina kitu," akasema. "Si ilichangwa yote. Iko kwenye sanduku."

"Sanduku liko wapi?"

"Limo stoo. Lilirudishwa hapa baada ya sherehe, halijaenda popote. Gari lilikosekana."

"Fungua."

"Lina muhuri wa taifa, Aikande."

Sijui alimtazama vipi, lakini Mtendaji alifungua. Mwanamke mmoja alibaki akikanda tumbo kama alivyoonyeshwa, na Aikande alichukua nondo ya mlangoni akaivunja lakiri ya taifa, akaung'oa utepe, akafumua mbao. Alikuwa anatafuta kichupa kidogo kama kidole. Aliingiza mikono, akatoa fulana. Akatoa nyingine. Zilikuwa fulana mpaka chini, mia kadhaa, nyeupe, zenye picha ya uso wake na maneno MIKONO YETU KWA SERESERA.

"Dawa ziko wapi?"

"Kamati ilizibadilisha," Mtendaji akasema. "Walisema dawa hazionekani kwenye picha."

Aikande alikumbatia rundo la fulana akarudi kwa Mwanakheri. Alizikunja akazigandamiza mahali pa damu, zikaloa, akazitupa, akachukua nyingine. Alikanda, akagandamiza, akamweka mtoto anyonye titi la mama yake maana hilo nalo husaidia kuzuia damu, akafanya yote ambayo mikono mitupu inaweza kufanya, na alikuwa mkunga hodari. Mwanakheri alimtazama muda wote. Alipoulizwa kama anasikia baridi alisema kidogo. Baadaye aliuliza kama Shomari amerudi, na Shomari alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini na baiskeli ya mkaa. Alipomfikia, mkewe alikuwa ameshakufa.

Walimzika alasiri ile ile, kama ilivyo kwao. Aikande hakuruhusiwa kwenda mazikoni kwa kuwa alikuwa Seresera.

*

Wiki tano baadaye miezi mitatu ilitimia, na Wizara, ambayo haikosi tarehe hata moja, ikampokea. Alichukuliwa kwa gari la mapazia, akapandishwa ndege kwa mlango wa nyuma, akateremshwa kwa mlango wa mbele, akapunga. Mchungaji Elikunda alikuwepo kwenye safu ya mapokezi, amekonda, akamshika mkono. Jioni walifika uwanja wa Kisimachakavu. Turubai zilikuwa tayari, wali unanukia.

Shomari alikuja. Aliketi safu ya nyuma kabisa na yule mtoto kifuani, amefungwa shuka. Hakualikwa. Nadhani alitaka tu kumsikia mtu aliyekuwepo mkewe alipokufa.

Waziri Kirobo alizungumza saa moja na nusu juu ya mafanikio ya safari. Kisha akamkaribisha shujaa awaeleze wananchi, kwa maneno machache, aliyoyaona huko.

Aikande alisimama mbele ya kipaza sauti. Alikuwa ameandikiwa karatasi, akaiweka mezani.

"Nilimwona mwanamke," akasema. "Alikuwa na mimba ya nne. Uchungu ulipoanza alikwenda zahanati kama alivyoambiwa. Hapakuwa na mtu. Dawa zilikuwa zimechangwa zote, zimepelekwa kwa watu wa mbali. Akaenda nyumbani kwa mkunga akabisha hodi."

Waziri alikuwa ameshatoa leso.

"Mkunga alikuwa ndani. Alimsikia. Hakuitika."

Mnung'uniko ulipita katika turubai zote. Mama mmoja wa kwaya alisema kwa sauti kwamba watu wa nchi hizo hawana utu.

"Yule mama alimwambia asijali. Alirudi akajifungulia kwenye benchi, akamwaga damu mpaka akafa. Jina lake Mwanakheri binti Athumani, wa nyumba ya pili. Na mkunga huyo ni mimi."

Wenyeji wa Kisimachakavu waliinamisha macho, wote kwa pamoja. Mchungaji alifunika uso. Ndipo Waziri Kirobo akasimama, mashavu yamelowa, akamshika Aikande bega.

"Mmesikia?" akasema. "Mmesikia moyo wa Kikristo? Amejitwika dhambi ya mkunga wa taifa jingine, akaiita yake! Hata marehemu amempa jina la kwetu, ili tusimwone mgeni. Ndugu zangu, hali ya Seresera ni mbaya kuliko tulivyodhani. Tutawaacha?"

"Hapana," uwanja ukajibu.

"Nasema tutawaacha?"

"Hapana!"

Makofi yalipigwa mpaka vumbi likaruka. Jogoo alinadiwa. Kamati mpya ya wajumbe mia na ishirini iliundwa pale pale kumsindikiza Muuguzi Aikande kwa mara ya pili, na Waziri akachukua tena kipaza sauti kueleza uchungu wa mama anayekufa bila msaada. Nyuma kule mtoto alianza kulia kwa njaa. Mshereheshaji alishuka jukwaani, akapita katikati ya viti mpaka safu ya mwisho, akamwinamia Shomari kwa adabu zote.

"Baba, samahani," akamwambia. "Tunaomba umtoe nje mtoto. Watu hawasikii."